KAZI YA AKINA MAMA IPIMWE KWA KILE KINACHOBAKI

Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama na vikundi vya akina mama, Nyarubungo



Nimeombwa niseme juu ya faida ya vikundi vya akina mama. Faida ipo, na mwenye macho haoni haja ya kubishana. Ubishi upo juu ya namna ya kuipima. Maana kila afikapo mgeni na gari lake, maswali ni yale yale: vikundi vingapi? wanachama wangapi? shilingi ngapi zimekopwa? Majibu huandikwa, mgeni hushukuru, vumbi hupanda, nasi hubaki hatujui kama mama wa nyumba ya tatu amepata nafuu.

Sisemi kwamba kuhesabu vichwa ni upuuzi. Mwaka 1955 Bibi Titi Mohamed alipoanza kuwaandikisha wanawake katika TANU kule Dar es Salaam, walihesabiwa, na kufikia Oktoba walikuwa 5,000. Kazi ya wakati ule ilikuwa kukusanya watu, basi kipimo chake kilikuwa watu. Leo kazi yetu ni maji, kuni, shamba na fedha ya nyumbani. Pishi haipimi urefu wa kitambaa.

Tutazame maji. Mwaka 1971 nchi yetu iliweka shabaha kwamba kufikia 1991 kila mwananchi awe na maji safi karibu na nyumbani. Visima vikachimbwa, pampu zikafungwa, vyote vikahesabiwa. Mwaka 1991 ulifika, shabaha haikufika, na pampu nyingi zilikuwa zimekufa. Lakini pampu iliyokufa bado imo katika hesabu ya pampu! Sera ya Maji ya 2002 ikasema maji yawe ndani ya mita 400, lita 25 kwa kila mtu kwa siku. Hicho ni kipimo bora zaidi. Hata hivyo, mita 400 hazikwambii mstari wa ndoo ni mrefu kiasi gani, wala kwamba mama ameamka saa kumi ya usiku apate nafasi. Hayo anayajua yeye, na ndiyo sababu nasema kipimo akishike yeye.

Juu ya kuni, ndugu zetu wa Ngara hawana haja ya kukumbushwa mwisho wa Aprili 1994, watu wapatao 250,000 walipovuka daraja la Rusumo kutoka Rwanda kwa muda wa siku moja. Tuliwapokea, na huo ulikuwa utu. Lakini miti ilikwisha, na aliyelipa kwa miguu yake ni mwanamke. Tunapopanda miti, na tujifunze kwa wenzetu wa Kenya. Green Belt Movement, aliyoianzisha Wangari Maathai mwaka 1977, iliwalipa akina mama fedha kidogo kwa kila mche uliopandwa ukashika na kuishi. Mbuzi akiula mche, hapana malipo. Basi mama alijenga uzio, akamwagilia, akamfukuza mbuzi. Kipimo kizuri huongoza kazi kabla hakijaipima.

Na kipimo kibaya huizaa hila. Tangu 2018 sheria yaitaka kila halmashauri itenge asilimia 10 ya mapato yake ya ndani iwe mikopo isiyo na riba: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Aprili 2023 mikopo hiyo ilisimamishwa, kwa kuwa palionekana vikundi hewa na fedha zisizorudi, ikarudishwa 2024. Ndugu zangu, ukihesabu vikundi tu, utaletewa vikundi. Na hata kikundi cha kweli, mkopo ukirejeshwa wote, karatasi husema kimefaulu. Mama ameurejesha kwa faida ya biashara, au kwa kuuza maharage ya chakula cha watoto? Na kama mume aliipokea fedha mlangoni, ni nani aliyekopeshwa? Najua baadhi ya waume mliopo hapa hamlipendi swali hili. Litaulizwa.

Vilevile shamba. Mwaka 1990 Mahakama Kuu kule Mwanza, katika shauri lililotoka mkoa wetu huu wa Kagera, iliamua kwamba mwanamke aliyerithi shamba la ukoo aweza kuliuza sawa na mwanamume. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 nayo yampa haki sawa ya kupata ardhi. Basi tuulize kila kikundi: mnalima shamba la nani? Kikundi kikistawisha migomba katika shamba la kuazima, mwenyewe akilitaka kesho, jasho lote ni lake.

Nataka kila kikundi kiwe na daftari moja. Kabla kazi haijaanza, iandikwe hali ilivyo: saa za kwenda majini, saa za kuni, chakula kilichomo ghalani, fedha iko mkononi mwa nani. Bila mwanzo hapana kulinganisha. Halafu iandikwe tena mara mbili kwa mwaka, masika na kiangazi, kwa kuwa maji ya masika hudanganya. Waandikwe pia waliojitoa, na wale ambao hawakuingia kabisa. Katika vikundi vya hisa, maskini kuliko wote ndiye asiyeweza kununua hisa kila juma, naye haonekani katika taarifa yo yote. Daftari lisomwe katika mkutano wa kijiji kwanza, ndipo taarifa iende Biharamulo.

Madaftari yako mezani kwa Katibu. Akina mama wa kila kikundi wamchague mwandishi wao kabla hatujaondoka. Asiyejua kuandika asirudi nyuma: atahesabu yeye, na mwanawe aliye shuleni ataandika.