Damu ya Kitovu na Mtoto Mgonjwa

Mtoto akizaliwa tunakata kitovu, kondo linatoka, munalizika. Ndani yake munabakia damu kidogo. Leo tuongee juu ya munganga mwanamke aliyeitumia hiyo damu kwa kuponyesha mtoto.

Jina lake Eliane Gluckman, wa hospitali ya Saint-Louis, Paris, Ufaransa. Miaka mingi alitunza watoto wenye ugonjwa wa Fanconi. Munajua, damu inatengenezwa katika uboho, ile nyama laini ndani ya mifupa. Kwa watoto hawa uboho unachoka polepole, mpaka damu inakosekana. Dawa ni kuwapa uboho wa mtu mwingine, lakini kwanza ule wa zamani unaharibiwa kwa dawa kali. Hizo dawa zilikuwa zinawaunguza vibaya, wengine wakafa. Gluckman akachunguza, akaona miili yao haivumilii kipimo cha wagonjwa wengine. Akakipunguza sana, na watoto wakaanza kupona.

Kisha ikaja Oktoba 1988. Mtoto wa miaka 5, wa Marekani, alikuwa na Fanconi. Mama yake akazaa binti asiye na ugonjwa, na damu yao ilipatana. Damu ya kitovu cha binti ilikusanywa, ikagandishwa kwa baridi kali, ikapelekwa Paris, ikaingizwa katika mshipa wa kaka yake. Ile damu ikaingia katika mifupa, ikaanza kutengeneza damu mpya. Kaka akapona. (Na dada hakuumizwa hata kidogo!)

Najua mama fulani anawaza: na wangu wa SS? Ndiyo, mama. Mwaka 2017 Gluckman na wenzake waliandika habari za wagonjwa 1000 wa SS, wengi wao watoto, waliopewa uboho, au wachache damu ya kitovu, ya ndugu anayepatana nao. Kisha miaka 5, karibu 93 kati ya 100 walikuwa hai. Lakini ni kazi ya hospitali kubwa na feza nyingi. Usizae mwingine kwa kutafuta dawa tu: ndugu wa baba na mama mmoja, anayepatana ni mmoja kati ya 4, na yeye pia anaweza kuzaliwa na SS. Na mtu akikuuzia chupa sokoni, akisema ni dawa ya kitovu, hapana kununua.

Mtoto wa SS apewe peneselini kila siku mpaka miaka 5, alale ndani ya chandarua, anywe maji mengi. Homa ikimushika usiku, umulete usiku ule ule.