Sauti Zisizo za Kawaida katika Saa za Otomatiki: Tusikilize Kabla ya Kufungua

Mada kwa semina ya mafundi saa na walimu wa ufundi



Saa ya otomatiki sote tunaijua: ni saa ya springi inayojitia ufunguo yenyewe mkono unapotembea, kwa msaada wa rota, lile bamba zito la nusu duara lililo juu ya mtambo. Mlio wake wa kawaida pia tunaujua. Saa ya mapigo 21,600 kwa saa hupiga mara 6 kwa sekunde, ya 28,800 mara 8. Sitakawia hapo.

Nimeombwa nieleze sauti zote, lakini muda mwingi nautenga kwa moja: sauti ya rota. Kwa miaka mingi nimeletewa saa zilizokwisha kufunguliwa, zikatiwa mafuta na kufungwa, mwenyewe akalipa, ilhali hazikuwa na ugonjwa wowote. Jambo hili linaniuma.

Mashine ya Miyota 8215 hujaza springi rota ikizunguka upande mmoja tu. Upande wa pili rota huzunguka bure, kwa kasi, na mvaaji husikia mvumo. Valjoux 7750 ni vivyo hivyo, na mtetemo wake huhisiwa hadi mkononi. Ndivyo zilivyoundwa. Lakini Seiko 7S26, iliyomo ndani ya Seiko 5 nyingi tunazoletewa, hujaza pande zote mbili. Rota yake ikianza kuzunguka bure upande mmoja, mfumo wa kujaza una kasoro. Basi mvumo ule ule ni afya kwa saa moja na ugonjwa kwa nyingine, na fundi asiyejua ni mashine gani hawezi kuupima kwa sikio peke yake.

Mkwaruzo ni habari nyingine. Laza saa mezani, rota itulie. Sauti ikikoma, chanzo ni rota. Kisha igeuze polepole karibu na sikio: mkwaruzo unaorudi mahali pale pale ni rota inayogusa mfuniko au mtambo, kwa skrubu iliyolegea au gololi zake zilizolika. Ukifungua utaona upinde unaong'aa ndani ya mfuniko, au unga mweusi wa chuma. Tone la mafuta haliponyi hapo. Huchanganyika na unga ule, likawa tope linalozidi kusaga gololi. Sauti hupungua kwa wiki chache, na saa hurudi ikiwa na hali mbaya zaidi.

Kuna pia mlio wa kwato za farasi saa ikiwa imejaa, unaotoweka baada ya saa kadhaa. Hapo mizani inazungushwa kupita kiasi, mara nyingi kwa sababu springi haitelezi ndani ya pipa lake inapojaa. Kinachocheza ndani kama punje ya mchele mara nyingi huwa ni skrubu iliyoanguka. Saa hiyo isivaliwe hata siku moja zaidi.

Simlaumu yeyote. Wengi tulifundishwa kwa saa za kutia ufunguo kwa mkono, zisizo na rota. Hata hivyo napendekeza, kwa heshima zote, kwamba kabla ya kufungua, fundi aandike namba ya mashine. Kwa Seiko huwa imechapwa kwenye mfuniko wa nyuma, kwa nje. Mteja aulizwe sauti ilianza lini, na kama saa iliwahi kuanguka. Saa isikilizwe ikiwa imelala, imesimama na imepinduliwa. Mafuta yasitiwe kwenye gololi zisizosafishwa. Walimu waweke mezani Miyota na Seiko, wanafunzi wazitikise mmoja mmoja wakiwa wamefumba macho, wataje ipi ni ipi. Narudia, mafuta yasitiwe kabla ya kusafisha. Na saa isiyo na ugonjwa irudishwe kwa mwenyewe bila malipo, akielezwa kwa nini inavuma.