Kipimo Kinachoishia Katikati ya Ziwa



Leo naanza na samaki ambaye vijana wengi hapa kwenye ziwa Mweru, mpakani mwa Zambia na Kongo, wanamjua kwa jina tu: mpumbu. Zamani, mvua za kwanza zikinyesha, mpumbu walipanda mto Luapula makundi kwa makundi kwenda kutaga. Wavuvi wakawangoja njiani na nyavu. Wanunuzi, wengi wao Wagiriki, waliweka kambi Kasenga, upande wa Kongo, na samaki akapelekwa kuwalisha wachimba shaba wa Katanga. Ilipofika miaka ya 1950, makundi yale yalikuwa yamekwisha. Samaki akinaswa na mayai yangali tumboni, atamwachia nani ziwa?

Tangu hapo mshtakiwa amekuwa mmoja: wavu. Matundu madogo marufuku. Kutumpula, yaani kupiga maji ili samaki wakimbilie wavuni, marufuku. Na huku Zambia, kuanzia tarehe 1 Desemba hadi mwisho wa Februari, uvuvi unafungwa. Sibishi. Kwa mpumbu lilikuwa somo la haki. Lakini Mweru si ziwa la mpumbu peke yake. Pita ufukweni Kashikishi asubuhi, baada ya usiku wa kiza. Kinachometameta mchangani ni chisense, dagaa wetu, aliyevutwa na taa usiku na sasa anageuzwa na akina mama juani. Chisense ni mdogo, hukua upesi, hafi mzee. Ukimhukumu kwa kosa lililommaliza mpumbu, umekosea kesi.

Mwaka 2003, Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, FAO, lilitoa kazi kubwa kuhusu maziwa ya ukanda huu, Mweru likiwamo. Walioihariri ni pamoja na Eyolf Jul-Larsen na Jeppe Kolding wa Norway, na Paul van Zwieten wa Uholanzi. Lakini takwimu za Mweru zilitoka kwa maofisa wa Idara ya Uvuvi ya Zambia, watu waliopima samaki wa wavuvi miaka nenda miaka rudi, na kutega nyavu za majaribio zenye matundu ya kila ukubwa. Hesabu zilipowekwa pamoja, zilionyesha jambo ambalo mvuvi mzee asingelishangaa. Wavuvi wameongezeka sana, samaki wakubwa wamepungua, ila ziwa kwa jumla limeendelea kutoa. Na mwaka wa neema na mwaka wa njaa hufuata zaidi kina cha maji. Maji yakipanda yakafunika majani ya ukingoni, rutuba inaingia ziwani, vifaranga wanapata chakula na maficho. Yakishuka, mavuno nayo yanashuka.

Van Zwieten na wenzake waliuita uvuvi wa Mweru uvuvi wenye mlango wazi wa kutokea. Kazi ya mgodini ikikatika, mtu anarudi kushika wavu. Samaki wakikataa, anauacha, anakwenda kulima muhogo. Mimi sijaona maneno yanayolieleza ziwa hili vizuri kuliko hayo. (Wewe uliyeshona chandarua cha mbu kikawa kokoro, usichekelee, sijakutetea. Chandarua kina kazi yake, na malaria ya wilaya yetu hii ya Nchelenge unaijua.)

Sasa, kama ni maji yanayoamua, na mvua hazina tena adabu ya zamani, nani anapima maji?

Nyinyi mliotoka Kalemie na Moba, kule Kongo, mna habari za ziwa Tanganyika. Mwaka huohuo wa 2003, wanasayansi waliandika kwamba joto limelifanya ziwa lile lisichanganyike vizuri: maji ya juu hayashuki, rutuba ya chini haipandi, na chakula cha samaki kinapungua. Lakini Tanganyika lina kina cha zaidi ya mita 1,400. Mweru kwa wastani halifiki mita 10. Hapa upepo wa mchana mmoja unakoroga ziwa kama uji. Jibu la Tanganyika haliwezi kuazimwa likaletwa huku. Inabidi Mweru lipimwe lenyewe.

Na kupima hakuhitaji meli. Kaskazini-mashariki mwa Marekani kuna wavuvi wa kambakoche, mnyama wa bahari mwenye gamba na makucha. Mwaka 1999 kambakoche walikufa kwa wingi karibu na New York. Tangu 2001, wavuvi wa pwani ile wamekuwa wakifunga vipimajoto vidogo kwenye mitego yao. Mtego ukizama, kipimo kinazama nao, ukipandishwa kinaleta joto la chini kabisa, na wanasayansi wanapata namba ambazo wasingeweza kuzifuata kila mahali kila siku. Mvuvi naye anajua pa kutega. Hapa kwetu kila usiku wa kiza mitumbwi inaingia ziwani na taa. Kipimajoto na kamba yenye mafundo ya kupimia kina vingeongeza uzito gani kwenye mtumbwi?

Tatizo ni kwamba kipimo chetu kinaishia katikati ya maji, mpaka unapopita. Luapula inaingia kusini. Maji yanatoka kaskazini, pale Pweto, upande wa Kongo, kwa mto Luvua. Mtu wa Pweto ndiye anayeona ziwa likitoka. Anajua mwaka gani Luvua ilienda kwa nguvu na mwaka gani mawe yalionekana.

Na mtu huyo yuko hapa. Tangu 2017, vita vilipowakimbiza watu wa mikoa ya Kongo ya Haut-Katanga na Tanganyika, kituo cha wakimbizi cha Kenani kimepokea wavuvi, wakaushaji na wachuuzi wa upande ule. Wanaandikishwa jina, kijiji, watoto. Kwenye kazi linaandikwa neno moja, mvuvi, na ukurasa unafunguliwa mwingine. Kisha wanapelekwa kwenye makazi ya wakimbizi ya Mantapala, mbali na maji, kulima.

Kituo cha Idara ya Uvuvi kiko papa hapa Nchelenge. Mabwana samaki, chukueni daftari, tafuteni mkalimani wa Kibemba na Kiswahili, mje mkae chini ya mti na wazee wa Pweto. Anzeni na akina mama waliokausha chisense. Wao wanakumbuka bei, na anayekumbuka bei anakumbuka na mwaka ambao samaki hawakuja.