Hofu Huambukiza

Wasikilizaji wetu wa darasa la Mabatini, sogeeni karibu na redio, na mwalimu wenu aongeze sauti kidogo.

Leo tutazungumza habari ya ugonjwa uliotokea ng'ambo ya ziwa letu, upande wa Bukoba. Tarehe 30 Januari 1962, katika shule ya wasichana ya Kashasha, wasichana watatu walianza kucheka. Hakikuwa kicheko cha furaha. Walicheka, wakalia, wakahangaika, na wengine waliogopa kwamba wanafuatwa na mtu. Shule ilipofungwa tarehe 18 Machi, wasichana 95 katika 159 walikuwa wamepatwa.

Madaktari walipima damu, wakachunguza na chakula. Hawakuona sumu wala vijidudu, wala hakufa mtu. Lakini watu walikwisha kusema kwamba hewa imetiwa sumu na mabomu ya atomiki!

Tena, sikilizeni jambo hili: hakupatwa mwalimu hata mmoja, nao walikuwa pamoja na wasichana hao kila siku. Kama ingekuwa sumu ya hewa, ingewachagua wasichana tu?

Basi, je, walikuwa wakijifanya? La, hasha. Waliteseka kweli, na kumpiga mtoto wa namna hiyo ni kumwongezea mateso. Mwenzako akipiga miayo, nawe hupiga, ingawa huna usingizi. Hofu nayo hupita hivyo hivyo, kwa macho na masikio, hasa kutoka kwa mtu aliye kama wewe. Mwenye wasiwasi moyoni huipokea upesi kabla hajafikiri.

Wasichana waliporudishwa makwao, ugonjwa ulikwenda nao. Katika kijiji cha Nshamba walipatwa watu 217.

Sasa wewe uko sokoni hapa Mabatini. Mtu mmoja anapiga mbio, wawili wanamfuata, nawe umekwisha kuacha kikapu chako chini. Unakimbia nini? Hujui. Siku hiyo mtoto aweza kukanyagwa, au mgeni asiye na kosa akapigwa kwa kuitwa mwizi. Muulize jirani yako: "Umeona mwenyewe, au umeambiwa?"

Haya, chukueni kalamu. Kila mmoja aandike sentensi tatu juu ya habari ya kutisha aliyopata kuisikia: aliisikia wapi, kwa nani, na huyo naye aliipata kwa nani. Mwalimu atazisoma mbele ya darasa. Kwa herini.