Kijana Mwenye Ualbino na Jua: Nasaha kwa Wazazi

 



Leo nataka tuzungumze jambo lisilosemwa sana juu ya mimbari, nalo ni maneno yanayopita baina ya wazazi na vijana wao wenye ualbino kuhusu jua na saratani ya ngozi. Huenda mtu akauliza: jua lina nini na hotuba ya Ijumaa? Mwili ni amana, na mtoto ni amana. Amana hizi mbili zikikutana katika kijana wa miaka 14, mzazi ana la kuulizwa.

Hapa Tanzania yakadiriwa kuwa mtu 1 katika kila watu 1,400 ana ualbino, ilhali Ulaya na Amerika ya Kaskazini ni kiasi cha 1 katika 17,000 hadi 20,000. Basi jambo hili ni letu. Ngozi ya mtu huyu ina upungufu mkubwa wa ile rangi ambayo kwa wengine ni ngao. Miale ya jua huipenya na kuidhuru kidogo kidogo, na madhara hayo hujumlika mwaka hata mwaka, hata jua alilopigwa mtoto wa miaka 10 likaja kudai deni lake akiwa kijana wa makamo. Saratani hutokea mara nyingi usoni, masikioni, midomoni na shingoni. Ikiwahiwa, daktari huikata na mtu akapona. Ikiachwa, huua. Tumelia hadharani, na ilikuwa haki tulie, kwa ndugu zetu waliouawa na kukatwa viungo kwa ajili ya ushirikina; lakini jua halipigi kelele, na wanaokufa kwa sababu yake huzikwa kimya.

Sasa tuzitazame nyumba zetu. Mtoto akiwa mdogo, mama humpaka mafuta na kumvika kofia, naye hana neno. Akifika miaka 13 mambo hugeuka. Mama hupaza sauti kutoka jikoni, "Vaa kofia!" Kijana huivaa mpaka kwenye kona ya njia, kisha huikunja akaitia mkobani. Jioni hurudi amebabuka, na ugomvi huanza upya.

Namjua kijana mmoja wa madrasa aliyekuwa hivyo. Baba yake alimgombeza, akamtisha kwa saratani, akamtajia waliokwisha kufa. Haikufaa kitu. Nikamwambia baba: mwulize, kisha unyamaze. Akamwuliza, "Mwanangu, kofia hii ina nini?" Kijana akakaa kitambo, kisha akasema, "Baba, hii ni kofia ya kike. Wenzangu wananiita bibi wa sokoni." Miezi yote ile baba alidhani mwanawe ni mkaidi, kumbe alikuwa na haya. Wakaenda wote wawili, kijana akachagua mwenyewe kofia ya kitambaa yenye ukingo mpana pande zote. Na mpira, uliokuwa ukichezwa saa nane mchana, wenzake wakakubali uchezwe baada ya Alasiri, wala hapakuhitajika fatwa ya shekhe yeyote.

Enyi wazazi, Luqman alipomuusia mwanawe alimwita kwa jina la mapenzi kabla ya kumkataza lolote. Sisi huanza na katazo, na wito wa mapenzi tukausahau kabisa. Kijana wa umri huu haogopi mauti ya miaka 20 ijayo; anaogopa kuchekwa kesho asubuhi. Zungumzeni naye hilo la kesho kwanza. Kisha mwambieni ukweli wote kwa utulivu, na ugonjwa muutaje kwa jina lake. Mfundisheni kuitazama ngozi yake mwenyewe, na pale asipopaona, nduguye amtazamie: kidonda kisichopona kwa wiki kadhaa, gamba gumu linalorudi, uvimbe unaotoa damu. Akiliona mojawapo, aje kusema bila ya kuogopa kulaumiwa. Kijana anayejua kuwa atagombezwa huficha kidonda, na kidonda kilichofichwa ndicho kinachofikishwa hospitali kikiwa kimechelewa.

Nanyi akina baba, msimwachie mama peke yake mazungumzo haya. Ualbino hurithiwa kutoka kwa wazazi wote wawili, na mume aliyemkimbia mkewe kwa sababu ya mtoto huyu amekimbia urithi wake mwenyewe.

Kuna na mambo madogo tunayojidanganya nayo. Kofia yetu ya kiua ni pambo na ni heshima, lakini haikingi masikio wala shingo. Hijabu humsitiri binti yetu sana, ila uso, midomo na mikono hubaki wazi. Wingu halizuii miale yote, na mchanga wa pwani na maji ya bahari huirudisha usoni hata kwa aliye kivulini. Saa za hatari zaidi ni kuanzia saa nne asubuhi hadi saa kumi alasiri. Mafuta ya kukinga jua yawe ya kinga ya 30 au zaidi, yapakwe kabla ya kutoka na kurudiwa kila baada ya saa mbili. Huko Moshi, KCMC, yametengenezwa mafuta yaitwayo Kilisun kwa ajili ya ngozi hii hasa. Lakini mafuta hayachukui mahali pa kofia na mikono mirefu. Na ikiwa shuleni wanafunzi huamriwa kuvua kofia kwenye mstari, mzazi aende mwenyewe akaonane na mwalimu mkuu. Asimtume mtoto akajitetee.

Neno langu la mwisho ni kwa wenye kusimamia misikiti. Swala ya Ijumaa huangukia katikati ya saa hizo za hatari, na watu hujaa mpaka uani. Leo, kabla ya kukimiwa, tazameni nje. Aliyeko juani mwenye ualbino, apishwe kivulini, na wala asingoje kuomba.