Rangi ya Khanga Tuulize Wazee



Mwaka huu tumeanza kuzitia rangi picha za zamani za familia zetu. Vijana wanaziskani kwa mashine ya kuazima, kisha wanafungua GIMP, programu ya bure, na kupaka rangi kwenye tabaka jipya juu ya picha. Tabaka hilo likiwekwa kwenye hali ya rangi, mwanga na kivuli vya picha ya chini hubaki vilevile. Ngozi, mpunga, anga la Usangu: hayo hayasumbui sana.

Kazi iko kwenye nguo. Picha hizi zilihifadhi mwanga tu. Khanga nyekundu na ya kijani zinaweza kutoka kijivu kilekile. Kompyuta haijui, inabahatisha. Bibi harusi mmoja tulimpaka khanga ya buluu, ikapendeza kweli. Tulipompelekea mwenyewe alicheka: "Wajukuu zangu, ilikuwa nyekundu!" Tukarudia. Mwenzake aliyesimama kando hatukupata wa kutuambia, tumemwacha na kijivu chake.

Wanaokumbuka wanapungua kila msimu. Tunaomba mchango wa skana moja na kompyuta mpakato, ili tuwafuate wazee majumbani. Picha halisi itarudi mikononi mwa mwenyewe siku hiyohiyo, na nakala isiyotiwa rangi tutaitunza.

Fomu ya ahadi iko ukurasa wa mwisho. Na kama kuna picha sandukuni kwenu, ileteni, pamoja na mzee anayeikumbuka.