Wakili wa Kimathi: Jukwaani na Katika Jalada

(Maneno yaliyosemwa mbele ya wanachama, Kifaru)



Sisi makarani twazoea kuulizwa kila siku: jalada lasemaje? Leo twaliuliza swali hilo juu ya mchezo The Trial of Dedan Kimathi, wa Ngũgĩ wa Thiong'o na Mĩcere Mũgo, uliotolewa mwaka 1976, ambao kwa Kiswahili waitwa Mzalendo Kimathi.

Katika mchezo huo mshitakiwa hana wakili. Asimama peke yake mbele ya Shaw Henderson, ambaye ndiye jaji na ndiye mwendesha mashtaka, naye aikataa mahakama yenyewe pamoja na sheria zake.

Sasa tulifungue jalada la kesi, lililopigwa chapa katika kitabu mwaka 2017. Kesi ilianza Nyeri tarehe 19 Novemba 1956, mbele ya Jaji Mkuu Kenneth O'Connor na wazee wa baraza watatu Waafrika. Mashtaka yalikuwa juu ya bastola na risasi. Ian Henderson, mtu wa kweli mwenye jina hilo, alikuwa afisa wa polisi, wala hakuwa jaji. Tena mshitakiwa alikuwa na wakili, Frederick Miller. Na hoja ya utetezi ilikuwa kwamba Kimathi alikuwa njiani kwenda kujisalimisha.

Je, waandishi walisema uongo? Hasha. Walikwisha eleza katika dibaji kwamba hawakukusudia kuinakili kesi ya Nyeri. Kosa ni la msomaji alifanyaye jukwaa kuwa jalada. Huyo akimsahau Miller, apotewa na fundisho zito: kwamba mahakama yaweza kuwa na jaji, wazee na wakili, kila mmoja mahali pake, na hata hivyo mtu akanyongwa, tarehe 18 Februari 1957, kwa sheria ya hali ya hatari iliyofanya kuchukua bastola kuwa kosa la kifo. Kuwapo kwa wakili si hakikisho la haki.

Nasi Upare tuna habari yetu. Mwaka 1945 maelfu ya watu walishuka Same kuipinga kodi ya mbiru. Atakayependa kuiigiza habari hiyo na aiigize. Kazi yetu ni kuzilinda barua za siku zile zisiliwe na mchwa, ili atakayeuliza jalada lasemaje apate jibu.